Baruti nyeusi naichagua kwa masizi yake, sio kwa spidi

Kila anayeingia kwenye huu mchezo wa kulenga mbali kwa bunduki za baruti nyeusi swali lake la kwanza ni lile lile, baruti gani inasukuma kwa nguvu zaidi. Namwelewa kabisa, akili inamwambia yadi 1,000 ni mbali, kichwa cha risasi chenyewe kina greni (kipimo kidogo cha uzito) 500 na ushee, basi atafute baruti kali. Ila kwa jinsi nilivyokaa na hizi bunduki spidi ndio kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza naangalia kinachobaki ndani ya mtutu moshi ukishaondoka.

Sababu ni hii. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, kwa uzito ni kama 75, 15 na 10 kwa mia, na ukiiwasha zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki kuwa chumvichumvi za potasiamu na masizi. Nyingine inatoka na ule moshi mweupe, nyingine inaganda humo ndani. Risasi ya .45-70, yaani kipenyo cha inchi .45 na baruti greni 70, tangu ilipopitishwa jeshini Marekani mwaka 1873 ilikuwa inajazwa kiasi hicho, yaani gramu nne na nusu hivi, sasa piga hesabu mwenyewe kila ukifyatua umeacha kiasi gani mle ndani, na kichwa kinachofuata lazima kipite juu yake. Huo ndio mchezo wenyewe, kuhakikisha risasi ya pili, ya saba na ya kumi zote zinakuta njia inayofanana. Ukishindwa hapo hata uwe na saiti ya gharama gani utakuwa unalaumu upepo bure.

Na watu wa kale walilijua hili kuliko sisi. Ile mechi ya Creedmoor pale Long Island, New York, tarehe 26 Septemba 1874, Wairishi walikuja na bunduki za Rigby za kujazia mdomoni, Wamarekani wakaja na Sharps na Remington za kujazia nyuma, yadi 800, 900 na 1,000, Wamarekani wakashinda 934 kwa 931. Pointi tatu tu. Watu wengi wanaisimulia kama ni ushindi wa bunduki mpya kwa bunduki ya zamani, mimi nikiiangalia naona mtutu. Bunduki ya kujazia mdomoni ukishaisafisha na kuijaza upya, kila risasi inaanza kwenye mtutu uleule, ndio maana wale jamaa walikuwa wanaiamini na ndio maana walikaribia vile. Wa kujazia nyuma ukitaka kumfikia inabidi utafute njia ya kuyatuliza masizi, ama uyafute kila risasi, ama uyaache ila yakae laini.

Sasa tuje kwenye baruti zenyewe. Ukiacha jina la kopo, baruti mbili zenye mchanganyiko uleule zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, na tofauti inaanzia kwenye makaa. Mti uliochomwa sana unabaki kaboni kavu, mti uliochomwa kwa moto wa wastani unabaki na utomvu kidogo, na hiyo ndio inayofanya masizi yawe na unyevunyevu badala ya kuwa ukoko. Viwanda vya zamani vya daraja la juu kama Curtis's & Harvey kule Uingereza vilisifika kwa baruti za namna hiyo. Halafu kuna kusaga, ukisaga kwa muda mrefu ndio zile shura na makaa zinashikana vizuri na baruti inaungua haraka na kwa usafi zaidi. Halafu inabanwa iwe kama keki ngumu, inavunjwa, inachekechwa kwa saizi, inasuguliwa mpaka punje zinang'aa. Kiwanda kikikata kona kwenye hatua yoyote hapo wewe utaiona kwenye shabaha.

Swiss inatoka Aubonne, Uswisi, na kwakweli hii ndio baruti ambayo ukiikamata mkononi unaona mtu amefanya kazi. Punje ngumu, zinang'aa, saizi inafanana. Nina kamchezo kangu, namwaga kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe, nainamisha karatasi taratibu punje zote ziteleze zirudi kwenye kopo, naangalia kilichobaki kwenye karatasi. Kopo zuri linaacha karatasi karibu nyeupe. Kopo lingine linaacha vumbi la kijivu ambalo ukipitisha kidole kinachafuka. Lile vumbi ni baruti pia, ila linaungua kwa mwendo wake, likiwa jingi kwenye ganda moja na kidogo kwenye lingine basi tayari umeshapoteza usawa kabla hujafika reinji. Kopo lenye vumbi lichekeche tu kwa chungio, inasaidia, fanya nje au sehemu yenye hewa, usitumie chombo cha plastiki kikavu, na sigara iwe mbali sana.

GOEX ndio baruti ya Wamarekani, imetengenezwa Pennsylvania miaka mingi halafu ikahamia Louisiana, na wengi wamejifunzia hapo mimi nikiwemo. Ni baruti inayosamehe, ila masizi yake ni makavu zaidi na ina hitaji lake moja ambalo ukilikataa haikupi kitu, inataka kubanwa. Yaani baruti ikishaingia kwenye ganda unaibana kwa dai (die, kifaa cha kubania) maalum, robo inchi sio jambo la ajabu, na hapo ndio inaanza kuweka matundu pamoja. Swiss ukiifanyia hivyo inanuna. Yenyewe inataka kuguswa tu, kibao chembamba kinachokaa juu ya baruti kikae, kichwa kikae, basi, ukiibana sana unavunja punje na punje zilizovunjika zinaungua kama saizi nyingine kabisa. Nimeona mtu kahama kutoka GOEX kwenda Swiss, kaacha dai yake palepale, kapunguza greni chache akijua ile ni kali, halafu anakuja kulalamika Swiss ni jina tu. Wala si jina, ni dai. Olde Eynsford, ambayo GOEX waliitoa baadaye wakilenga hadhi ile ya zamani, inakaa katikati, inakubali kubanwa na masizi yake ni laini zaidi ya kaka yake.

Mwaka 2021 kampuni ya Hodgdon, waliokuwa wanaimiliki GOEX, walitangaza wanafunga, na watu waliojenga kila kitu chao juu ya baruti moja walihaha sana. Mwaka uliofuata kampuni ya Estes wakainunua. Sisemi uwe na baruti tano ndani, hata si salama kurundika na kila nchi ina sheria yake ya kiasi. Nasema ujue baruti yako inafanya nini na kwanini, ili ikiondoka uweze kuhamia nyingine kwa kufikiri na sio kwa kubahatisha.

Saizi ya punje. Hapa watu wanabishana kuliko panavyostahili. Baruti nyeusi inaungulia juu ya ngozi ya punje, punje ndogo zina ngozi nyingi kwa uzito uleule kwahiyo zinapandisha presha haraka, kubwa zinasukuma polepole. 1F kubwa, 2F wastani, 3F ndogo, na Swiss wana ile moja na nusu ambayo nusu ya watu ninaowajua kwenye .45-70 na .40-65 wameishia hapo. Ukiwa na ganda refu kama .45-110 ya inchi 2 na 7/8 basi 1F inaanza kuwa na maana. 3F kwenye ganda kubwa na kichwa kizito inakupa spidi, inakupa na teke la bega, na kichwa cha risasi laini, ile ya sehemu moja ya bati kwa ishirini za madini ya risasi, kinapigwa kitakoni kwa ghafla mpaka kinaharibika umbo. Kutanuka kidogo kinatakiwa kitanuke kishike mifereji ya mtutu, ila pua ikiinama huko mbele kitaruka vibaya.

Na hiyo spidi unayoitafuta ya nini? Bunduki nyingi za namna hii zinatoa kichwa kwenye futi 1,150 mpaka 1,250 kwa sekunde. Sauti yenyewe iko kwenye 1,100 na kitu. Maana yake hata ukiongeza futi 80 kichwa chako kitashuka chini ya spidi ya sauti mapema tu na sehemu kubwa ya safari ya yadi 1,000 kitakuwa kinaenda chini ya sauti, utake usitake. Ulichopata ni bega kuuma ifikapo nusu ya mechi. Lakini angalia upande wa pili, risasi mbili zikipishana futi 10 tu kwa sekunde mwanzoni, kule yadi 1,000 zinapishana zaidi ya futi moja juu na chini, kwasababu kichwa kinaruka kama jiwe la kurushwa, kinapanda kinashuka. Ndio maana mimi nikitoka na kronografu, kile kifaa cha kupima spidi ya risasi, sisomi namba kubwa, nasoma zinavyopishana. Kronografu za kusoma kivuli ziwekwe mbele ya kutosha, moshi na kile kibao cha juu ya baruti vikipita pale juu vinaidanganya unaanza kushangilia namba ambazo hazipo.

Basi turudi kwenye masizi, maana ndiko uamuzi unakofanyika. Nikipewa baruti mpya sianzi na shabaha ya mbali. Napiga kama kumi mfululizo bila kufuta, kila baada ya risasi navuta pumzi na kupuliza kwa neli iliyokaa kwenye chemba, pumzi ndefu za taratibu tatu au nne, maana mvuke wa pumzi ndio unalainisha. Baada ya kila risasi chache naangalia mdomo wa mtutu. Ukikuta pale mbele pana nyota ya grisi, yaani alama nyeusi zenye majimaji zimejipanga kufuata mifereji, ukigusa kidole kinateleza, hiyo baruti na hiyo grisi vinaelewana. Ukikuta pamekauka, pana rangi ya majivu na ukikwaruza kwa kucha inatoka kama unga, jua inchi za mwisho za mtutu ni msasa. Na mitutu hii ni mirefu, inchi 30 mpaka 34, grisi iliyobebwa na kichwa inatakiwa ifike mpaka mwisho, ikiishia njiani kichwa kinamalizia safari kikikwanguliwa.

Halafu napitisha kitambaa kilicholowa kidogo kwa ufito, taratibu sana, na hapo mkono unakwambia kila kitu. Masizi laini kitambaa kinaenda kwa uzito mmoja toka nyuma mpaka mbele. Masizi mabaya kitambaa kinaanza vizuri, kikifika robo ya mwisho kinagoma, kinaruka, unasikia krr krr kwenye ufito. Hiyo krr ndio ile risasi ya sita iliyotoka kwenye kundi ukasema upepo. Hakuna upepo hapo mzee, ni ukoko.

Ndio maana siwezi kumwambia mtu chukua baruti hii bila kumuuliza anapiga wapi na anatumia grisi gani. Hewa kavu ya mwinuko, mfano Raton, New Mexico, ambako mashindano ya kitaifa ya vinyago vya chuma kwa hizi bunduki yalianza mwaka 1985, unyevu ni mdogo na jua linachoma, masizi yanakauka wakati bado unatafuta shabaha kwenye saiti. Pale vinyago vya kuku viko mita 200 unapiga umesimama, nguruwe 300, batamzinga 385, kondoo 500, na muda hausubiri, huwezi kukaa unafuta mtutu kama uko nyumbani, pumzi kwenye neli ndio mkombozi. Baruti ile ile ukiipeleka sehemu yenye unyevu mwingi inakuwa mtoto mzuri kabisa hata pumzi mbili zinatosha. Kwahiyo mtu akikwambia baruti fulani ni chafu muulize hali ya hewa kwanza.

Grisi ya nta ya nyuki na mafuta ya wanyama au ya mimea, mapishi ni mengi, ile grisi ya SPG wengi wanaijua, muhimu isiwe mafuta ya petroli maana mengi yakikutana na masizi ya baruti nyeusi yanageuka kitu kama lami. Wanaoviringishia vichwa karatasi badala ya mifereji ya grisi wao karibu wote wanafuta kila risasi na kwa yadi 1,000 ambako muda upo nawaonea wivu kidogo, njia yao ni ya uhakika. Kwa mtu huyo masizi si tatizo kubwa kama kwangu, anaweza kutumia baruti kavu na akapiga vizuri tu, mradi kila kitambaa kiwe na unyevu uleule. Ukilowanisha kimoja sana kingine kidogo umerudi palepale.

Kujaza pia ni sehemu ya baruti, siwezi kutenganisha. Nainyeshea kwenye ganda kupitia bomba refu la shaba, futi mbili na zaidi, polepole, punje zinajipanga zenyewe na baruti inakaa chini zaidi kuliko ukimwaga kwa mkupuo. Juu yake kibao chembamba cha nyuzi au plastiki, juu yake kichwa. Na hapa sitanii, kwenye baruti nyeusi usiache nafasi ya hewa kati ya baruti na kichwa. Kichwa kizito kikikaa mbali na baruti mtutu unaweza kutanuka ukabaki na pete humo ndani, na bunduki ya shabaha yenye pete ni mapambo.

Praima, yaani kile kiwashio kitakoni mwa ganda, ndio watu wanaidharau. Baruti nyeusi inashika moto kirahisi mno, haihitaji mlipuko mkubwa nyuma, na mimi nimeona kupishana kwa spidi kunapungua nikitumia praima za upole, hata za bastola kubwa, wengine wanaweka kiduara cha karatasi ya gazeti juu ya tundu kabla ya baruti ili moto uingie kwa adabu. Angalizo moja, praima ya bastola kubwa ni fupi kidogo kuliko ya raifo, inazama zaidi kwenye ganda, kama pini ya bunduki yako ni fupi itagusa tu bila kuwasha na utakuwa pale mstarini unaangaliwa. Kuna wanaoapa kwa praima kali, na wana vikombe, siwabishii.

Kuhusu baruti mbadala. Pyrodex ilikuja miaka ya 70, ina perklorati ya potasiamu ndani, inapimwa kwa ujazo kulinganisha na nyeusi na sio kwa uzito, na inahitaji moto mkali zaidi kuwaka. Triple Seven haina salfa, kuosha ni rahisi, ila kwa ujazo uleule ina nguvu kuliko nyeusi na haipendi kubanwa. Kwa kuwinda mita 100 sina neno. Kwa yadi 1,000 sijaona sababu ya kuhangaika nazo kama baruti halisi inapatikana, maana moja ya raha za nyeusi ni huo uvumilivu wake kwenye kuwaka. Na wale wa kuchanganya baruti isiyo na moshi kidogo chini ya nyeusi ili mtutu ubaki safi, jamani, kweli mtutu unabaki safi, ila unacheza na presha kwenye chuma ambacho kingine kina zaidi ya miaka 130. Na baruti isiyo na moshi kuipima kwa kipimo cha nyeusi ni kujilipua, hilo halina mjadala.

Loti. Kila kopo lina namba ya loti, yaani ya mkupuo mmoja uliotengenezwa kiwandani, na mimi hiyo namba naiandika kwenye boksi la risasi kabla ya kitu kingine chochote. Loti mpya kwangu ni baruti mpya, hata kama jina, rangi ya kopo na saizi ni zilezile, naanza tena na karatasi nyeupe, risasi za mfululizo, kitambaa. Mara nyingi inaishia kubadilisha greni moja tu au kubana kidogo zaidi. Mara nyingine inagoma, na hiyo naipeleka kwenye mazoezi ya mita 200 ya kusimama, ambako ninayumba mimi kuliko baruti. Ukipata loti nzuri nunua makopo ya loti hiyo hiyo kadiri sheria inavyokuruhusu, weka sehemu kavu, baridi, kwenye kopo lake lenyewe, ikikaa kavu haiharibiki.

Mgeni akinibana sana nimpe jibu moja namwambia aanze na Swiss moja na nusu kwenye .45-70, abane kidogo tu, grisi ya nta ya nyuki, neli ya kupuliza, na viwango vya kujaza avitoe kwenye kitabu cha kujazia risasi na sio kwa mtu mtaani. Akinijibu kwamba yeye anataka kufuta kila risasi namwambia basi chukua yoyote nzuri unayoipata kwa urahisi na kwa loti moja, hela inayobaki nunua vitambaa. Na maganda asiyaache mpaka kesho, ayatupie kwenye ndoo ya maji ya sabuni palepale reinji, zile chumvi zinavuta unyevu na shaba inaanza kuliwa.